Draisuti ya kupimiwa: kwa nani inalipa, na marekebisho yake

Mkuu umeuliza kama kuna haja ya kushonesha draisuti, ile suti ya kuzamia isiyoingiza maji, kwa vipimo vyako wakati za dukani zipo za kila saizi, na mchangiaji mmoja hapo juu kakwambia ni anasa tu. Mimi niko Leicester, wikendi nazama Stoney Cove, yale machimbo ya zamani ya mawe yaliyojaa maji, na tukipata nafasi tunapanda Uskoti mpaka Scapa Flow, ile ghuba ya visiwa vya Orkney. Naona hii kitu inategemea umbo. Kama mwili wako uko wastani juu na chini chukua ya dukani, hela iliyobaki itie kwenye andasuti nzuri, ile nguo ya joto ya kuvaa ndani yake, utanishukuru. Mimi miguu mirefu, kiwiliwili kifupi, kiatu namba 47, ya dukani iliyonitosha miguuni ilikuwa inabaki nguo kibao tumboni na mabegani, na penye nguo ya ziada ndani ya maji pana hewa, hewa yenyewe haikuulizi inataka kuhamia wapi.

Kwa wale mliozoea Pemba au Watamu na wetisuti ya milimita 3, ile ya mpira inayoingiza maji, huku Januari maji ni nyuzi 5 au 6 na yananyonya joto la mwili kama mara 25 kuliko hewa ya baridi ileile. Watu wanadhani draisuti ndiyo inatia joto. Hapana, ile ya trilaminate, kitambaa cha tabaka tatu, ni kama turubai tu, kazi yake kuzuia maji, joto ni la andasuti na hewa iliyokamatwa kwenye nyuzi zake. Sasa hapo ndipo vipimo vinapoharibika, mtu anaenda kupimwa na fulana, nguo inakuja inamkaa kama ya harusi halafu akivaa andasuti ya baridi hawezi hata kuinama, na andasuti ikigandamizwa hewa inatoka, kwa hiyo suti inayobana itakutia baridi hata iwe ya bei gani.

Vaa andasuti nene kuliko zote unazotegemea kutumia, soksi zake pia, ndipo upimwe, na usijipime mwenyewe. Vifua na viuno havina shida, kipimo chenye maneno ni kile kinachotoka kwenye kishimo cha koo mbele, kinapita katikati ya mapaja, kinapanda mgongoni mpaka mfupa wa chini ya kisogo. Kikipungua sentimita chache tu ukichuchumaa nguo inakuvuta shingo. Mwambie fundi unavyozama: ukitumia mitungi pacha lazima mkono ufike kwenye valvu nyuma ya kichwa, kwa hiyo makwapa yanataka nafasi zaidi. Suti ikifika usiikague kwenye kioo, chuchumaa mpaka matako yaguse visigino, jikumbatie mpaka vidole vifike nyuma ya mabega, peleka mkono nyuma ya kichwa. Moja ikigoma irudi kwa fundi kabla haijaloa.

Zipu mimi nilitaka ya mbele ya mshazari, naivaa mwenyewe bila kutafuta mtu wa kunifungia. Ya shaba inapakwa nta kwenye meno, ya plastiki inataka grisi ya silikoni kidogo pale mwisho inapofungia, basi. Na kama ni mwanaume unayekaa chini muda mrefu, valvu ya kukojolea iwekwe hukohuko kiwandani, usije ukatoboa suti mpya baadaye.

Haya, sili, zile shingo na mikono ya mpira zinazobana ngozi kuzuia maji. Hapa ndipo marekebisho yalipo kwelikweli. Shingo ya lateksi, mpira mwembamba, inakuja imebana makusudi, ina duara duara, unakata duara moja moja. Kabla ya mkasi ivutie kwenye sufuria ilale hivyo usiku mzima, vaa ukae nayo nyumbani ndipo uamue. Shingo iliyobana sana si suala la raha, inagandamiza mishipa ya pembeni ya shingo mapigo yanashuka unapata kizunguzungu, na chini ya maji kizunguzungu ni balaa. Mkasi uwe mkubwa na mkali, kata mfululizo bila kusita, kale kameno kadogo kakibaki ukingoni ndipo lateksi itakapochanikia. Sili za vifundo vya mikono zikivuja ukikunja ngumi ni zile kano zinainuka maji yanapita kwenye mfereji wake, sogeza sili juu kidogo kwenye mkono. Silikoni ni laini zaidi ila gundi ya kawaida haiishiki, lazima suti iwe na pete za kubadilishia, faida yake ikichanika unabadilisha mwenyewe palepale kwenye boti.

Na hili kwa sisi tusiotoka nyumbani bila mafuta: Vaseline na mafuta ya nazi yanaila lateksi. Siku ya kuzama shingo na vifundo vya mikono vioshwe kwa sabuni, ukitaka kuteleza tumia poda isiyo na manukato. Dada zangu wenye rasta, vaeni soksi ya nailoni kichwani wakati wa kupitisha shingo, na hakikisheni hakuna unywele uliobaki chini ya sili, mmoja tu unaleta maji.

Ndani ya maji sasa. Risasi, yale madini ya uzito ya kukuzamisha, utaongeza kilo kadhaa, pima mwisho wa mbizi mtungi ukiwa umebaki na shinikizo la kama bar 50 na suti imetolewa hewa yote. Ukifika mita 10 hewa ya ndani ya suti imegandamizwa ikabaki nusu, ongeza hewa kidogo kidogo mpaka mikunjo iache kukuuma, si zaidi. Valvu ya begani ya kutolea hewa ifungue yote, unapopanda inua kiwiko. Ikikataa kutoa angalia kwanza kama andasuti imejibandika kwenye valvu kwa ndani, kuna kiraka cha wavu wanauza kwa kazi hiyo. Hewa ikikimbilia miguuni ikataka kukupindua kichwa chini, suti ya kupimiwa inakuokoa kwa sababu haina nafasi pale chini, lakini fanya mazoezi ya kujikunja na kugeuka hukohuko kwenye maji mafupi. Scapa kuna zile meli za kivita za Wajerumani walizozizamisha wenyewe Juni 1919, nyingine ziko zaidi ya mita 30, sasa unaporudi unasimama mita 6 kusubiri gesi itoke mwilini, umeshika kamba hutikisiki, hapo ndipo bega lililobana au soksi iliyobana kidole unaijua vizuri.

Ukitoka umeloa usimpigie fundi simu kwanza. Unyevu wa mwili mzima sawasawa ni jasho, mkono mmoja au paja moja ni uvujaji. Ziba sili za mikono kwa chupa na ya shingo kwa mpira wa kuchezea, jaza hewa, paka maji ya sabuni, mapovu yatakuonyesha.

Bei sitaji, zinatofautiana mno. Ila muulize fundi marekebisho ya kwanza yamo kwenye bei au la, na akuandikie. Kama unataka kuivaa Novemba peleka vipimo mapema, vuli foleni zao zinajaa.