Mlonge ulivyonidanganya bandani

Mara ya kwanza kufuga kuku wa mayai nilikuwa nao 60. Walipofika wiki ya 20, wakitaga mayai manne au matano kwa siku, nikaanza kuwachanganyia unga wa majani ya mlonge kwenye chakula. Mwezi haujaisha vizuri, naokota mayai 50 kila siku. Mtaa mzima ulinisikia. Nikafunga hadi vipakiti vya kuuza.

Jirani yangu, mfugaji wa siku nyingi, alikuja kununua trei akaangalia vile vipakiti. "Baba Neema, wangu hawajaonja hata jani. Mbona wanataga vilevile?"

Sikuwa na jibu. Kuku wa mayai huanza kutaga kwenye wiki ya 18 hadi 20, kisha hupanda kwa kasi wenyewe. Mimi nilidandia gari lililokwisha kuondoka, nikajiona dereva.

Kwa hiyo kundi la pili niligawa banda kwa wavu. Usichague kwa macho nani aende upande gani. Mkono utawavuta walionona upande unaoupenda. Mimi nilirusha sarafu kwa kila kuku hadi upande mmoja ukajaa. Chakula kimoja, maji yale yale, taa ile ile, mlonge upande mmoja tu. Mwanangu ndiye aliyehesabu mayai, bila kuambiwa upande upi una nini. Wiki sita baadaye tofauti ilikuwa mayai machache tu, na kuna wiki upande usio na mlonge ndio ulioongoza.

Wataalamu nao hunaswa hapo hapo. Ilikuwa imeonekana kwamba wenye betakarotini nyingi mwilini, ile inayoipa karoti rangi yake, hawaugui sana saratani ya mapafu. Ufini wakaamua kupima. Walichukua wanaume wavutaji sigara 29,133, wakawagawa kwa kura, baadhi wakapewa vidonge vya betakarotini na wengine wasipewe. Matokeo yalitoka mwaka 1994: waliovimeza waliugua saratani hiyo zaidi, kwa asilimia 18. Huenda mla mboga sana ana mengine mengi yanayomlinda, na kidonge hakiyabebi.

Basi ukiona A na B vinaandamana, uliza kwanza: bila A ingekuwaje? Hasa kwenye dawa. Watu huanza kunywa tangawizi siku mafua yamewazidia kabisa, na mafua yakishafika hapo huanza kushuka yenyewe. Sifa zote kwa tangawizi. (Mama yangu hajanisamehe kwa kulisema hili mezani.) Kisha mtafute ambaye hakutumia, kama jirani alivyonitafutia mimi.

Mlonge bado nawapa baadhi. Kiini cha upande ule kilitoka cha njano iliyokolea, na kuna wateja wawili wanaokitaka hivyo. Vipakiti niliacha kuuza.