Kwa Wenzangu Waliovuka Miaka 60: Tuyape Kazi Mashavu ya Miguu

Msomaji mmoja wa Sakina, Arusha, ameniandikia kwamba tangu avuke miaka 60 hatua zake zimefupika, na kila akipanda kilima cha kwenda nyumbani nyonga humchoka kabla ya pumzi. Anauliza kama kuna la kufanya. Dada yangu, swali hilo mimi nililipeleka zamani katika zahanati moja hapa Moshi, nikajibiwa, "Mzee, huo ni umri," na kijana ambaye hakuinua hata macho. Jibu lile linanichoma mpaka leo.

Ni umri, ndiyo, lakini umri nao una mahali unapoanzia kazi. Sehemu kubwa ya nguvu inayomsukuma mtembeaji mbele hutoka kwenye misuli ya shavu la mguu na kupitia kano ya kisigino, yaani ule utepe mgumu unaoushikiza msuli kwenye mfupa, iliyo nene kuliko kano zote mwilini. Uzito ukiwa juu ya wayo, kano hiyo huvutika kama mpira wa manati, na kisigino kinapoinuka huirudisha nguvu iliyoiweka, hivyo misuli haihitaji kujikunja sana. Miaka inaposonga, misuli hupungua na kano hulegea. Ikilegea, misuli hulazimika kujifupisha zaidi ili kuivuta, na msuli uliojifupisha kupita kiasi hutoa nguvu kidogo. Ndipo msukumo wa kifundo cha mguu unapofifia na nyonga kubebeshwa kazi isiyo yake, ndiyo maana mzee hutumia nguvu nyingi kuliko kijana kwa mwendo uleule.

Mimi sikukubali kuishia hapo. Nilianza kuinua visigino nikiwa nimeshika fremu ya mlango, kwa miguu yote miwili, kisha mmoja mmoja, na baadaye nikiwa na begi la mchanga mgongoni, nikishuka taratibu kuliko nilivyopanda. Miezi iliyofuata haina la kusimulia. Mwezi uliopita nilipanda na wapwa zangu Mlima Kilimanjaro kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari, na kule msituni ni wao walioomba tupumzike. Nalisema hili kwa fahari.

Wazee tunahimizwa kutembea, na kutembea ni kwema, lakini barabara tambarare haiipi kano mzigo wa kutosha kuikaza upya. Kano hujibu mzigo mzito, tena polepole kuliko misuli, kwa miezi. Basi tuinue visigino, tuongeze mzigo, tusiache. Na watoto wanaotuletea kila kitu kitini watuache twende dukani wenyewe.

Tahadhari ninayokupa, dada yangu, ni hii: ukiandikiwa siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, mweleze daktari kuhusu mazoezi haya, kwa sababu dawa za kundi hilo huongeza hatari ya kano ya kisigino kukatika, hasa kwa umri wetu. Ukihisi maumivu nyuma ya kisigino, weka mzigo chini siku hiyohiyo na urudi kwake.