Oda zinakula vitanda vya dukani, nifanyeje?

Swali: Nina karakana ya fenicha hapa Keko, tupo mafundi sita. Tunatengeneza vitanda vya kuweka nje viuzwe, ila oda ikiingia tunaviacha tunakimbizana nayo. Mwisho wa wiki oda haijaisha na nje hakuna kitanda hata kimoja. Nigawe siku vipi?

Jibu: Kaka, kugawa siku hakutakusaidia, Jumatatu atakuja mteja wa harusi na ratiba yote inakufa. Angalia kitu kimoja: 4 kwa 6, 5 kwa 6 na 6 kwa 6 vyote urefu ni futi 6, kwa hiyo mbao za ubavuni na miguu ni zile zile, kinachobadilika ni upana tu, yaani kichwa cha kitanda na chaga. Sasa kwa nini uweke stoku ya vitanda vilivyokamilika? Weka stoku ya mbavu na miguu, vimerandwa, vimepigwa msasa, bila vanishi. Mashine ya randa ukishaiseti toa za vitanda kumi kwa mpigo, halafu mtu akitaka mtindo wake unaanzia katikati na si kwenye mbao mbichi.

Vya nje navyo viwekee namba. Tuseme unauza vinne kwa wiki na kutengeneza vingine kunachukua wiki, basi vikibaki sita unaanza vingine hata kama kuna oda, vinne vitauzwa wiki hiyo unayotengeneza, viwili vya juu ni vya dharura.

Halafu tarehe ya oda usiitoe kwa kumwangalia seremala, mwangalie fundi rangi. Karakana nyingi nilizopitia seremala wanamaliza kazi inalala kwa mtu wa vanishi, na masika ndo usiseme, haikauki, kwa hiyo hesabu ana vitu vingapi mkononi ndo umtajie mteja siku.

Na advansi ya oda ifunike mbao zote na kitambaa kama kipo, maana kitanda cha 7 kwa 7 mwenyewe akiingia mitini utamuuzia nani, hata godoro lake kulipata shughuli. Bei yake nayo iwe juu kidogo, anakusimamishia mashine huyo. Wale wa "nifanyie bei ya dukani kaka" waoneshe vilivyopo nje, wengi wanachukua hivyo hivyo.