Ushuru wa kodi za nyumba ni asilimia 7.5, si 10

Wengine bado husema kwamba mwenye nyumba nchini Kenya hutozwa ushuru wa asilimia 10 ya kodi anayolipwa na wapangaji. La, asilimia hiyo 10 imepitwa na wakati: tangu tarehe 1 Januari 2024, kwa mujibu wa Sheria ya Fedha ya 2023, mwenye nyumba za makazi anayepokea kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hutozwa asilimia 7.5. Mimi nina vyumba sita vya kupangisha Kisauni, Mombasa, kila kimoja shilingi 5,000 kwa mwezi, hivyo kila mwezi hulipa shilingi 2,250 kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Angalizo ni kwamba ushuru huu hutozwa kwenye jumla ya kodi iliyopokelewa, kwa hiyo mabati yaliyoliwa na chumvi ya bahari (na huku hayadumu) utayabadilisha kwa gharama yako bila kupunguziwa chochote.