Charge na discharge: shika mzigo kwanza

Pole kwa kuuguza, dada. Nimekuelewa: unamtafsiria mama karatasi za hospitali, discharge imetokea mara tatu, na kila mara kamusi inakupa maana nyingine.

Usikariri orodha. Anza na charge, neno lililo ndani ya discharge: asili yake ni Kilatini carrus, gari la kukokotwa, likazaa tendo la kupakia. Basi charge ni kutwika: betri hutwikwa umeme (ndiyo chaji yetu), mteja hutwikwa gharama, mtuhumiwa shtaka, muuguzi mkuu dhamana ya wodi. Cargo na car ni ndugu zake wa damu. Discharge ni kutua mzigo.

Kisha tazama neno la jirani. Kukiwa na tarehe, mgonjwa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Kukitajwa kidonda, jicho au sikio, ni usaha au majimaji yanayotoka. Mimi niliwahi kusoma "no discharge" chini ya maelezo ya mshono nikaandika "hajaruhusiwa". Kumbe daktari alisema kidonda ni kikavu! Familia ililala na hofu bure, na hadi leo inaniuma.

Mahakamani kuna mtego mkubwa zaidi: aliyepewa discharge ameachiliwa, lakini kwa kawaida anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Hiyo mpelekee wakili.

Za mama, mwombe muuguzi azipitie nawe kabla hujamsomea, hasa mistari ya dawa na tarehe ya kurudi kliniki.