Usifunike Ubao Uliooza: Ushauri kwa Wenye Boti Kuukuu za Faiba

Juma lililopita msomaji mmoja wa Mafia alinitumia picha za boti yake ya futi 21, pamoja na swali fupi: je, akifunga bamba la chuma nyuma ya injini, ataweza kuumaliza msimu huu wa kaskazi? Katika picha ya pili injini ilikuwa imelalia nyuma kuliko kawaida, na chini ya bolti palikuwa na michirizi ya maji ya kahawia iliyokuwa ikishuka juu ya rangi nyeupe. Nilimjibu kwamba hapana. Baadaye niliona kwamba jibu hilo linastahili maelezo marefu zaidi, kwa kuwa wengi wetu tunaotumia boti za faiba za zamani, ziwe za uvuvi au za kubeba wageni, tutakutana na tatizo hili siku moja, na wengi tutashauriwa vibaya.

Ubao wa tezi, yaani ule ukuta wa nyuma unaobeba injini, si faiba tupu. Katika boti nyingi za zamani ni plaiwudi yenye unene wa takribani milimita 38 hadi 50, iliyobanwa kati ya ngozi mbili za faiba, na ni plaiwudi hiyo inayoipa tezi ugumu wa kuhimili uzito wa injini na msukumo wake. Faiba haiozi; kinachooza ni mbao iliyomo ndani, na huoza bila mtu kuona, kwa sababu ngozi ya nje hubaki nyeupe na nzuri. Maji huingilia kwenye matundu ya bolti, kwenye skrubu za kifaa cha kutafutia samaki, kwenye tundu la kutolea maji, na kwenye ukingo wa juu uliokwaruzwa na vibanio vya injini. Watu hupenda kuilaumu bahari. Ukweli ni kwamba chumvi humchelewesha kuvu anayekula mbao, na mvua ndiyo inayomstawisha, hivyo boti inayolala ufukoni masika nzima ikiwa imejaa maji ya mvua huoza upesi kuliko ile inayokwenda baharini kila alfajiri.

Boti yangu niliinunua Tanga, ikiwa na injini ya farasi 40 na tezi iliyopakwa rangi mpya. Baada ya muda niliona nyufa nyembamba kama nywele kwenye kona mbili za nafasi ya injini, nami nikamwita fundi ambaye watu wengi pale ufukoni walimsifu. Tulikubaliana kwa maneno yaliyo wazi kwamba atautoa ubao wa zamani na kuweka mpya, na nililipa bei ya kazi hiyo. Alichofanya ni kulaza tabaka mpya za mati, yaani mkeka wa nyuzi za faiba, juu ya ngozi ya nje, akapiga msasa, akapaka rangi, akanirudishia boti iliyong'aa kuliko siku niliyoinunua.

Tulikuwa tunarudi kutoka upande wa Kigombe, bahari ikiwa na mawimbi ya kawaida tu, ndipo kijana aliyeshika usukani aliponiambia kwamba injini inaitikia kichwa kila anapoongeza mwendo. Nilipoinama nyuma niliona ukingo wa juu wa tezi ukisogea, unakwenda na kurudi kwa upana wa kidole, na maji yakichuruzika kwenye bolti kila unaposogea. Tulirudi kwa mwendo wa kubembeleza, injini tukiwa tumeifunga kwa kamba hadi kwenye pete za ubavuni, kwa sababu iking'oka inakwenda na tezi, na tezi ikienda maji yanaingia kwa wingi usioweza kukombwa kwa ndoo.

Nilipoikata ngozi ya ndani nilikuta mbao nyeusi iliyolowa, yenye harufu ya uchachu, ambayo niliitoa kwa kiganja bila kuhitaji patasi. Kwenye tundu moja la bolti ya zamani nilivuta kipande cha mfuko wa plastiki kilichosokotwa na kusukumiziwa silikoni juu yake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kinga yangu dhidi ya maji, niliyoilipia. Fundi yule hadi leo tukikutana sokoni hunisalimu kwa uchangamfu, nami huitikia kwa sababu ya malezi niliyopewa, lakini siwezi kusema kwamba nimesahau.

Kazi ya pili niliifanya mwenyewe, nikisimamiwa na mzee mmoja aliyeshughulika na faiba kwa miaka mingi Mtwapa, na tezi ile imeniletea heshima. Wenye boti huja kuigonga kwa vifundo vya vidole ili wasikie inavyolia.

Kugonga huko kwenyewe ndiko kipimo cha kwanza. Chukua nyundo ya mpira au mpini wa patasi, upite tezi yote kwa utaratibu, ndani na nje. Mahali pazima hutoa sauti kavu na kali, mahali palipooza hutoa sauti bubu. Kisha inua injini nusu, bonyeza mguu wake kwa uzito wa mwili, mwenzako akitazama ukingo wa juu wa tezi, na ukisogea hata kidogo ujue kuna kazi. Ukitaka uhakika, toboa kwa drili nyembamba kutokea ndani, chini karibu na tundu la kutolea maji na kwenye kona, bila kuipenya ngozi ya nje, uangalie unga unaotoka: ukiwa mkavu na mweupe shukuru, ukiwa mweusi unaoshikamana vidoleni usijidanganye. Tazama pia washa za bolti kama zimezama katika faiba.

Sasa kuhusu lile bamba la chuma. Bamba husambaza mgandamizo wa bolti juu ya eneo kubwa zaidi, na juu ya mbao nzima lina faida yake. Juu ya mbao iliyooza linabana ngozi mbili za faiba ambazo katikati hazina kitu, na kila unapokaza nati unazikaribishana zaidi. Zaidi ya hayo, kulifunga kunahitaji matundu mapya, na matundu ndiyo yaliyoleta ugonjwa.

Katika kazi ile ya pili, mzee alikataa tuguse chochote kabla boti haijakaa sawa. Injini ilishushwa, mkuku ukaegemezwa kwa magogo urefu wote, na mbavu zikawekewa vizuizi, kwa kuwa tezi ndiyo inayolishikilia umbo la boti kwa nyuma, na ukiitoa boti ikiwa imepinda itakaukia hivyo hivyo. Tulipima urefu kutoka chini hadi mahali injini inapokalia, tukachora na pembe ya mlalo wake kwenye kipande cha kadibodi, kwa sababu injini yenye mguu mrefu huhitaji takribani sentimita 51, na ukikosea hapo panga la injini (propela) litakuwa linakata hewa au litavuta maji mengi bure.

Tulikata kutokea ndani, tukiacha ukanda wa ngozi ya zamani kuzunguka pembeni ili faiba mpya ipate pa kushika, na ngozi ya nje tukaihifadhi nzima pamoja na umbo lake. Hapa ndipo watu wengi huchoka. Sehemu ya katikati hutoka kwa urahisi, lakini kadiri unavyokaribia kona mbao huanza kuwa ngumu, na nafsi inakuambia kwamba panatosha. Nilipouliza kama tunaweza kuacha kipande cha upande wa kushoto, mzee alinijibu, "Mwanangu, kata mpaka mbao ikukatalie, kisha kata kidogo tena." Mbao inayoonekana nzima lakini ina unyevu tayari imo safarini. Kupiga msasa sitakusimulia, isipokuwa kwamba vumbi la faiba huwasha ngozi na kuumiza mapafu, hivyo vaa barakoa ya vichujio, na si kitambaa.

Kuhusu plaiwudi nina maneno makali kidogo. Katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, mbao inayoitwa marini bodi ni ile yenye utando mweusi au wa kahawia, inayotumiwa kutengeneza kalibu za zege. Utando huo umetengenezwa makusudi ili zege lisishike, na resini, yaani gundi ya majimaji inayogandisha faiba, nayo haitashika. Tafuta plaiwudi ya majini isiyo na utando, iliyopigwa chapa ya BS 1088, kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya majini, na kama huiamini chapa, chemsha kipande chake sufuriani kwa saa kadhaa; gundi isiyofaa itaachia tabaka. Fundi wa majahazi pale jirani alinishauri niweke ubao mmoja mnene wa mninga, na kwa chombo cha mbao fundi huyo ningemfuata nikiwa nimefumba macho. Lakini ubao mzima huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, jambo ambalo katika dau husaidia kuziba mapengo, na katika boti ya faiba hupasua ngozi. Plaiwudi hutulia kwa sababu nyuzi za tabaka zake zimepishana.

Tulitumia vipande viwili vya milimita 18, katikati tukaweka mati iliyolowa resini, na kila ukingo wa mbao uliokatwa ulinyweshwa resini kwanza hadi ukaacha kunywa. Ngozi ya nje, ikiwa peke yake, hupinda kwa urahisi, hivyo tuliiwekea magogo yaliyonyooka kwa nje, tukapitisha bolti ndefu katika matundu ya zamani, tukakaza taratibu mpaka pati ya resini ilipotokeza pembeni pande zote. Isipotokeza mahali fulani, hapo ndani kuna pengo, na pengo litakusanya maji. Kona zote tulizijaza pati ili ziwe za mviringo, maana faiba haipendi kukunjwa pembe kali. Kisha tabaka za mati na kitambaa kilichofumwa zilipishanishwa hadi mbavuni na sakafuni, na kingo za faiba ya zamani zilichongwa mteremko mrefu, takribani milimita 12 kwa kila milimita moja ya unene.

Kati ya poliesta na epoksi, ambazo ni aina mbili za resini, mimi nilitumia epoksi kwa kugandisha mbao na kwa tabaka zote, kwa sababu hushika faiba ya zamani vizuri zaidi. Ni ghali, sikatai. Ukiichagua, kumbuka kwamba mati ya kawaida imeunganishwa kwa gundi inayoyeyushwa na poliesta na si na epoksi, hivyo utafute mati au kitambaa kinachoendana nayo, na usipake poliesta juu ya epoksi ukitarajia ishike. Bajeti ikikulazimisha kutumia poliesta, hadena, yaani dawa ya kuigandisha, iwe kati ya mililita 10 na 20 kwa kilo moja ya resini, na kwa joto la pwani baki karibu na 10, uchanganye kidogo kidogo, uanze kazi alfajiri. Kwa epoksi uwiano aliouandika mtengenezaji haubadilishwi kwa sababu yoyote. Hadena ya poliesta ikiruka jichoni inaweza kukupofusha, kwa hiyo miwani ni lazima. Na kama kichapuzi cha kobalti, kinachoharakisha poliesta kuganda, unauziwa kando, usikikutanishe moja kwa moja na hadena, kwani viwili hivyo hulipuka.

Ndugu yangu, najua gharama hizi zinatisha, na najua kuna mtu atakayekuja na ndoo ya rangi na bei nusu. Mfukuze. Unapopakia wavuvi wanne au familia ya wageni, umekabidhiwa roho za watu ambao hawawezi kuona ndani ya ukuta ulio nyuma yao, na wewe ndiye pekee unayejua ulichokifunika. Wenye boti tumezoea kulalamikia wakaguzi, tukificha nyufa kwa pati asubuhi ya ukaguzi, halafu tunashangaa chombo kinapozama siku ya utulivu.

Matundu ya bolti ndiyo yaliyochukua uangalifu wangu mwingi mwishoni. Kila tundu tulilitoboa kwa upana uliozidi bolti, tukalijaza pati ya epoksi, na ilipokauka tukatoboa tena kwa kipimo cha bolti katikati ya pati hiyo, ili hata maji yakipita yasiiguse mbao. Bolti ni za chuma kisichoshika kutu, za milimita 12, zenye washa pana, na zimezungushiwa gundi ya poliurethani badala ya silikoni. Tundu la kutolea maji lilifanyiwa vivyo hivyo. Baada ya safari za mwanzo nati hulegea kidogo, zikaze.

Kifaa cha kutafutia samaki sasa nimekifunga kwenye kipande cha plastiki kilichogandishwa kwa gundi juu ya faiba, bila skrubu hata moja, na kijana yeyote anayesogea nyuma ya boti yangu akiwa na drili anaulizwa kwanza anakwenda kutoboa nini.