Jibu: Kijana anakwenda mashindano ya karate Malindi, abebe nini?

Asalaam aleikum dada. Umeuliza kijana wako wa miaka 13, anatoka Lamu kwenda kupigana kumite (pambano la karate la wawili) Malindi na begi moja tu, atie nini.

Anza na cheti cha kuzaliwa, kisha umpime kilo. Huko hugawanywa kwa umri na uzito. Halafu rangi: kwa kanuni za WKF, shirikisho la karate la dunia, mmoja hufunga mkanda mwekundu, mwenzake buluu, na hubadilika pambano kwa pambano. Basi abebe mikanda miwili, na glavu na kinga za ugoko seti mbili. Wangu alibeba nyekundu tupu; nikazunguka ukumbi mzima kuazima buluu, nikapata za jitu zima, zikamvuka kila akirusha teke! Kinga ya uso na kifua, muulize mwalimu wake kama waandaaji wanatoa.

Kinga ya meno mpya ichovyeni maji moto aiume nyumbani, si ukumbini. Kucha zikatwe. Gi, yaani nguo yake ya karate, ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, boti ya Mokowe waijua inavyorusha chumvi. Chakula, mahamri na ndizi. Biriani ale akishamaliza.